Inakuja Mpya, ya Zamani Utauza Bei Gani?

Pale njia panda ya Usagara, ambapo barabara ya kutoka Mwanza inagawanyika, moja ikashika Shinyanga na nyingine Kigongo na Sengerema, maneno hupita upesi kuliko mizigo. Sisi tuliokulia hapo tulizisikia habari za kompyuta muda mrefu kabla ya kuiona. Sababu ilikuwepo: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1993. Kwa hiyo kwetu mashine yenyewe ilianza kama tetesi. Mtu akishuka kwenye treni ya kutoka Dar anasema ameona chombo kinachopiga chapa na kufuta bila kuharibu karatasi. Wengine walimsadiki, wengine walimwona mwongo.

Miaka ya 2000 ilipoanza nilipata kazi mjini Mwanza, katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Kurasa tulizipanga kwenye Power Mac G4, kompyuta ya Apple ambayo marafiki wa Ulaya walikuwa wameichoka wakatupa sisi. Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia tetesi za Apple. Kwenye intaneti kafe ulilipa kwa muda, na ukurasa wenye picha ulifunguka kwa kusuasua, hivyo mmoja alisoma, wengine tukasimuliwa kazini. Tetesi kubwa ya siku hizo ilidai kwamba Apple watavitupa vichakato vya PowerPC wahamie Intel. Mafundi wetu walicheka: Apple na Intel, wapi na wapi? Tarehe 6 Juni 2005, Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipanda jukwaani San Francisco akathibitisha. Akaongeza kwamba kwa miaka mitano Mac OS X ilikuwa ikitengenezwa kwa siri ili iweze kuendeshwa na Intel pia. Lisemwalo lipo.

Pale kazini hakuna aliyeuliza ile mpya tutaipata lini. Swali lilikuwa moja: hii yetu itakuwaje? Jibu lilikuja Agosti 2009, pale mfumo mpya wa Mac, Snow Leopard, ulipotoka bila kuzikubali tena mashine za PowerPC. G4 yetu haikuwa na ubovu wowote. Kila asubuhi iliwaka. Ila programu mpya ziliikataa, na mteja akileta kazi aliyoitengeneza kwenye programu hizo, haifunguki. Ikaishia kuwa mashine ya kuandikia barua.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na miaka iliyofuata tetesi zikahamia kwenye simu za mkononi. Machi 2010, iPhone 4 ambayo ilikuwa bado haijatangazwa ilisahauliwa baa huko California, na Aprili picha zake zikasambaa duniani. Kuanzia hapo maneno ya aina hiyo yalianza kupanga bei hata mtaani kwetu. Ukipeleka simu dukani kuiuza, kijana anakwambia, "Kaka, Septemba inatoka mpya, hii siwezi kukupa hela hiyo." Hajaiona hiyo mpya, wala hategemei kuiuza, lakini bei yako keshaikata.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa Juni 2016. Wengi walisema ni maneno ya kutishana tu. Ilipofika tarehe 16 zikazimwa kweli, na watu wakajua kwamba kifaa kizima kinaweza kufa kwa uamuzi uliopitishwa mbali nacho.

Ndiyo maana, Bloomberg walipoandika Aprili 2018 kwamba Mac zitaanza kutumia chipu za Apple wenyewe kuanzia 2020, mimi sikucheka. Apple walitangaza rasmi tarehe 22 Juni 2020, na mashine zenye chipu yao ya M1 zikatoka Novemba. Juni 2025 wakasema macOS Tahoe ndio mfumo wa mwisho kwa Mac za Intel. Oktoba 14 mwaka huohuo Microsoft nao wakasitisha huduma ya bure kwa Windows 10.

Tetesi za kitu kinachokuja hukosea mara nyingi. Hata AirPower, kifaa cha kuchajia kilichotangazwa na Apple wenyewe Septemba 2017, kilifutwa Machi 2019 bila kuuzwa hata kimoja. Gari la Apple lilivumishwa karibu miaka kumi, kisha mradi ukaachwa Februari 2024. Lakini kila Apple walipobadili aina ya kichakato, mashine ya zamani iliachwa, na sisi wanunuzi wa mtumba ndio tunaokaa nayo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukionyeshwa Mac ya mtumba, iwe Kariakoo au Mwanza mjini, usibabaishwe na ung'avu wa kava. Iwashe, bonyeza alama ya tufaha juu kushoto, fungua maelezo ya mashine, usome jina la chipu. Ukikuta Intel, dai bei ya kitu kinachoelekea mwisho. Muuzaji akikataa, mwache nayo.