Njaa ya Aliyeshiba

Najua wengi wenu mmefungua gazeti hili mkitafuta hadithi za mapenzi ama za ajali ya matatu. Mimi nitawaandikia juu ya chumvi ya ng'ombe. Msicheke! Anayecheka na anywe kwanza chai ya rangi wiki nzima, halafu tuendelee.

Kwetu ni upande wa Bahati, hapa hapa Nakuru. Tuna ng'ombe mmoja aina ya friziani, jina lake Makaa. Alipewa jina hilo kwa sababu alipozaliwa mabaka yake meusi yalikuwa meusi ti, mithili ya makaa ya mkaratusi. Alipozaa mara ya kwanza alitoa lita 14 kwa siku, na kwa maziwa hayo mama alilipa pesa zangu za chakula cha mchana shuleni, akanunua daftari za ndugu zangu wawili, na unga ukapatikana. Kwa hivyo msomaji ukiniona nimeketi darasani nikifuatilia ngeli za Kiswahili, ujue aliyenikalisha hapo ana kwato nne.

Mwanzoni mwa mwaka huu mambo yalikwenda mrama. Maziwa yalishuka hadi lita sita. Mabaka meusi yakaanza kupauka, yakawa na rangi ya kutu, na kuzunguka macho manyoya yakafifia hata akaonekana kama amevaa miwani. Alikuwa akilamba ukuta wa zizi, akila udongo, na siku moja nikamkuta akitafuna mfupa mkavu kama mbwa. Kushika mimba ndiko kulikuwa balaa. Alipandishwa kwa sindano mara tatu, pesa zikaenda mara tatu, na mara zote tatu akarudi joto.

Lakini hakuwa na njaa! Hilo ndilo lililotushangaza. Hori lilijaa nepia asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiikata kabla ya kushika njia ya shule, kwa hivyo msiniambie habari ya uvivu. Jirani mmoja akasema ni kijicho. Mwingine akasema, "Si muuze tu! Hiyo imekwisha." Broka akaja, akamzunguka Makaa mara mbili akimpigapiga mbavuni, akataja bei ambayo haingenunua hata mtamba wa miezi sita. Mama hakumjibu, ila hakumfukuza pia. Nilielewa maana ya kunyamaza kule.

Kabla broka hajarudi, mama aliita daktari wa mifugo. Daktari hakuanza na sindano. Alianza na maswali.

"Mama, huyu anakula nini?"

"Nepia, daktari. Na mabua ya mahindi, na nyasi za kando ya barabara."

"Na chumvi?"

"Magadi tunampa. Mzee ndiye hununua."

Daktari akatabasamu, akauliza tena, "Na hiyo nepia, inamea kwa udongo gani?"

Mimi nilidhani anatania. Kumbe hapo ndipo penye kiini cha jambo. Alituambia kwamba ng'ombe anaweza kushiba hadi tumbo likawa kama ngoma na bado awe na njaa, kwa sababu nyasi haiwezi kumpa kitu ambacho udongo haukuwa nacho. Shaba, kwa mfano, ndiyo inayousaidia mwili kutengeneza ile rangi nyeusi ya manyoya. Ikikosekana, mweusi huwa mwekundu. Akasema bila kupima damu hawezi kuapa, maana hata minyoo huweza kumdhoofisha ng'ombe na kumharibu manyoya, kwa hivyo akampa dawa ya minyoo pia. Nilimpenda kwa kutojifanya mjuzi wa kila kitu.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa kiguu na njia kwa mwalimu wa kilimo, nikiuliza na kuazima vitabu. Niliyoyapata yalinifungua macho. Wakati wa ukoloni, ng'ombe wa sehemu hizi zetu walikuwa wakikonda na kufa huku wamesimama katika malisho mazuri. Wazungu wakaupachika ugonjwa huo jina la mji wetu, wakauita Nakuruitis. Fikiria, mji mzima kugeuzwa jina la ugonjwa! Kumbe kilichokosekana kilikuwa madini yanayoitwa kobalti. Sehemu kubwa ya udongo wa huku umetokana na majivu ya volkano, na baadhi ya udongo wa namna hiyo una upungufu wa kobalti na shaba.

Waliofumbua fumbo la kobalti walikuwa mbali sana na hapa. Katika Australia Magharibi mifugo ilikuwa ikikonda hivyo hivyo, na wataalamu wakadhani inakosa chuma. Waliisagia mawe yenye chuma, ikapona. Wangeweza kuishia hapo, lakini Eric Underwood na John Filmer hawakuridhika. Walikiondoa chuma chote katika mawe yale, wakawapa wanyama maji yaliyobaki, na wanyama wakapona vile vile! Basi chuma hakikuwa dawa hata kidogo. Mwaka wa 1935 wakatangaza kwamba dawa ilikuwa kobalti, iliyokuwa imejificha ndani ya yale mawe kama abiria asiye na tikiti. Ilipofika mwaka wa 1948, wataalamu wengine wakapata vitamini B12, ikaonekana kwamba katikati yake mna kobalti. Ng'ombe hapewi vitamini hiyo na mtu. Vijidudu vilivyo tumboni mwake ndivyo vinavyomtengenezea, mradi vipate kobalti ya kufanyia kazi. Visipoipata, ng'ombe hawezi kutumia vizuri chakula alichokula. Ndiyo maana anakonda mbele ya hori lililojaa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na walimu wa hisabati watanisahihisha. Ng'ombe anahitaji angalau kama sehemu moja ya kumi ya miligramu ya kobalti katika kila kilo ya chakula kikavu. Akila kilo 12 kwa siku, hiyo ni miligramu 1.2. Zidisha kwa siku 365, unapata miligramu 438. Haifiki nusu gramu kwa mwaka mzima! Hata ukiongeza maradufu hufikishi gramu moja. Kijiko kidogo cha chumvi kina uzito mkubwa kuliko huo mara nyingi. Nilipomwonyesha mama hesabu hiyo aliniuliza, "Yaani ng'ombe mzima anauzwa kwa sababu ya kitu ambacho hata hakionekani?" Sikuwa na jibu.

Babu ndiye aliyekuwa mgumu. Yeye amekula chumvi nyingi, na anaamini ng'ombe naye akila magadi yatosha. "Sisi tulifuga kabla hao madaktari hawajazaliwa," alisema. Kwa upande mmoja, babu ana haki. Wanyama hutafuta chumvi hata bila kufundishwa na mtu. Kule Mlima Elgon, katika Pango la Kitum, ndovu huingia gizani kabisa wakachimba ukuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Lakini magadi ni soda kwa sehemu kubwa, na ulimi wa ng'ombe unaijua ladha ya chumvi tu. Hauijui shaba wala kobalti. Ndiyo sababu madini hayo huchanganywa ndani ya chumvi, ng'ombe akalamba anachokipenda na akameza asichokijua. Udongo aliokuwa akiula Makaa huenda ulizidisha shida, kwa maana chuma kingi kikiingia tumboni huizuia shaba isiingie mwilini. Salfa na molibdeni zikizidi nazo huizuia vivyo hivyo. Nilimweleza babu haya yote taratibu, kwa heshima. Alisikiliza, akasema "Haya," akaenda kununua magadi.

Nisije nikaeleweka vibaya, madini si pipi. Shaba ikizidi ni sumu, na kondoo ndiye anayeuawa nayo upesi, kwa hivyo chumvi iliyotengenezewa ng'ombe asipewe. Seleni nayo ni hivyo hivyo, kidogo ni dawa na nyingi ni kifo. Na sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Floridi iliyozidi katika maji ya visima vingi ndiyo iliyotupa haya meno ya kahawia tunayochekwa nayo tukienda mashindano ya mikoa mingine. Tena mnunuzi na asome karatasi ya mfuko. Kuna duka moja lilitaka kumuuzia mama chumvi nyekundu katika mfuko mtupu usio na maandishi, ati rangi ndiyo madini.

Mama alinunua chumvi yenye madini kwa shilingi 200 kilo. Makaa hulamba kama gramu 100 kwa siku, yaani kilo tatu kwa mwezi, shilingi 600. Kwetu hizo ni pesa. Wiki mbili mfululizo tulikula ugali na sukuma bila kubadilisha, na ndugu yangu mdogo akauliza kwa nini ng'ombe anakula vizuri kumshinda. Mwezi wa kwanza hakukuwa na badiliko lolote, broka akapita tena, mama akamwambia arudi baada ya mavuno. Mwezi wa tatu manyoya mapya yakaanza kuota mgongoni, na yalikuwa meusi. Niliyashika kwa mkono nikahakikisha si uchafu. Ukuta wa zizi haulambwi tena. Maziwa yamefika lita tisa, si 14, nami sitaki kuwadanganya.

Katikati ya Juni alipandishwa kwa mara ya nne. Siku ya 21 ilipita bila joto, ya 42 pia ikapita. Daktari amesema tusishangilie mpaka atakapompima mwenyewe. Gazeti hili linakwenda kupigwa chapa Ijumaa, na daktari anakuja Jumamosi. Mama ametoa lita moja ya maziwa yasiuzwe siku hiyo, yawe ya chai ya daktari, na babu amesema naye atakuwepo.