NYIMBO MBILI ZA HARUSI

Msimu wa harusi ndio huu, na hapa Marafa Jumamosi haipiti bila keki kukatwa. Leo tuzungumze juu ya nyimbo mbili ambazo watu hupenda kuwapigia maharusi.

Wa kwanza ni "At Last", yaani "Hatimaye". Uliandikwa na Mack Gordon na Harry Warren wa Marekani, na bendi kubwa ya Glenn Miller ikaupiga kwenye filamu ya muziki Orchestra Wives, mwaka 1942. Wengi tunaujua kwa sauti ya Etta James, au tulimwona Beyoncé akiuimba tarehe 20 Januari 2009, Obama alipocheza na mkewe usiku wa kuapishwa kwake. Ni wimbo wa mtu aliyengoja akiwa mpweke, na sasa aliyemngojea amefika.

Wa pili ni wetu: "Malaika". Fadhili William, mwana wa Taita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 60, ingawa mtunzi wake anabishaniwa mpaka leo. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaupeleka duniani. Watu huucheza wamefumba macho. Lakini umewahi kusikiliza kinachosemwa? Yule kijana hakuoa! Anampenda msichana, anataka kumwoa, mfuko umemshinda. Tunawapigia maharusi kilio cha mtu aliyekosa mahari.

Wapendwa, kijana huyo yuko Marafa. Anaendesha boda, ama anafanya kibarua cha chumvi kule Gongoni. Akipeleka wazee anasomewa orodha: pesa, mbuzi, kadzama, shuka ya bibi, koti la babu. Anarudi nyumbani kimya. Baada ya miezi sita tunasikia wamehamia Malindi, wanaishi pamoja bila baraka, na binti ni mjamzito. Kisha tunawanyooshea kidole wao peke yao.

Sitetei uasherati. Dhambi ni dhambi. Lakini tumsome Labani vizuri, Mwanzo 29 hadi 31. Yakobo alifika mikono mitupu, akakubali kutumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli. Labani akamgeuka, ikawa 14. Tunahubiri sana uvumilivu wa Yakobo. Mara ngapi tumehubiri Mwanzo 31:14-16? Pale Raheli na Lea wanasema wenyewe kwamba baba yao aliwauza, na fedha akazila. Wazazi, mabinti walikuwa wanahesabu kimya kimya!

Mimi nilitoka chuo cha Biblia sina hata baiskeli. Baba mkwe wangu, ambaye sasa amelala katika Bwana, aliwaambia wazee wenzake: mwacheni alete alicho nacho, mkwe si mdaiwa wa duka. Tukafunga ndoa kanisani. Mbuzi wa mwisho nilimpeleka mtoto wetu wa pili akiwa darasa la tatu, na mzee alimpokea kwa kicheko. Sikuwahi kuingia boma lake kwa hofu.

Sisemi mahari ifutwe. Mahari ni heshima, na koo mbili hufahamiana kwayo. Baba, pokea kilichopo, kingine kitakuja na wajukuu. Kijana, usimtoroshe binti wa watu usiku. Nenda mchana, sema ulicho nacho na usicho nacho, kisha simamia neno lako. Dada, zungumza na wazazi mapema, kabla wazee hawajaketi.

Jumamosi hii "Malaika" ukipigwa, watazame vijana waliosimama nyuma, karibu na pikipiki. Yuko mmoja ambaye wimbo ule ni habari yake. Mwite kando, umuulize amekwama wapi.

Mzazi mwenye binti wa kuolewa, andika AMINA hapa chini, tuombeane.