Kaunta ya Spea, Gerezani

Niliingia Gerezani, Dar es Salaam, kama kijana wa stoo: kupanga maboksi, kufuta vumbi, kukimbilia duka la jirani tukiishiwa kitu. Maboksi yale ndiyo yaliyonisomesha. Nilikuja kujua kwamba Toyota haitengenezi kila kipande cha gari lake. Plagi zinatoka kwa NGK na Denso, shokapu kwa KYB, klachi kwa Aisin. Kipande cha kampuni hizo kikiwa ndani ya boksi la Toyota bei inapanda. Kikija na boksi la mtengenezaji mwenyewe, mara nyingi inashuka. Mteja aliyelijua hilo alikuwa na pa kupumulia.

Mwingine alipumulia kwenye mtumba. Stata, alteneta, mlango au taa iliyovuliwa kwenye gari la Japani ilikuwa heri kuliko kopi mpya inayong'aa. Ila vitu vya mpira tulimkataza. Bushi na mkanda wa taiming huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Nilipoachiwa kaunta, mzee mwenye duka alinifundisha kumuuliza mteja: "Fundi atafungua nini mpaka aifikie spea hii?" Raba ya waipa unabadili mwenyewe, basi chukua ya bei ya chini. Beringi ya klachi ni kitu kidogo, lakini lazima gia boksi ishuke. Ya rahisi ikianza kulia, unalipa ufundi upya, na daladala iliyolala gereji haileti hesabu. Mkanda wa taiming wa injini nyingi za dizeli ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na hapo unazungumzia injini nzima. Pedi za breki hazikuhitaji hata swali: nzuri tu.

Maneno hayo niliyasema kwa ufasaha, na bado madereva walichukua ya rahisi. Zamani niliwaona wabishi, mpaka mmoja alinijibu taratibu: "Kaka, gari la tajiri, hela ya mfukoni kwangu. Mwezi ujao akimpa mtu mwingine ufunguo, hiyo bushi yako ya miaka mitatu nimemnunulia nani?" Sikuwa na jibu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya kwangu.

Kwa mafundi shida ilikuwa nyingine. Wapo waaminifu niliowauzia hadi tukazikiana wazazi. Wapo pia waliotaka spea ya chini na risiti ya juu, cha juu kibaki kwao, na waliokuja kuomba maboksi matupu ya orijino. Mzee alituamuru tuchane kila boksi tupu kabla ya kulitupa. Tuliyachana, nao wakayapata kwingine.

Siku hizi duka ni langu. Mtoto wa kaunta akiniuliza amshauri nini mteja, simwambii aanze na bei wala nchi ilikotengenezwa. Namwambia: mwenye gari akija mwenyewe, mweleze muda kila spea itakaokaa, atachagua vizuri. Akija dereva, omba namba ya tajiri, mpigie, umweleze yeye. Akija fundi, andika kwenye risiti jina la spea iliyotoka, herufi kwa herufi. Ndiyo maana kwetu swali la kwanza ni hili: gari la nani?