Nyuso Zetu Kwenye Theluji

Tunaandika kutoka miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambako baridi ikija haipigi hodi. Safari hii hatuleti siasa wala habari za vibali vya kuishi. Tunataka kuzungumzia kamera, hasa zile kubwa za dijitali zenye lenzi za kubadilisha. Wengi wetu tunazo kabatini, huzitoa siku ya harusi au siku ya Idi, kisha hulalamika kwamba picha hazikutoka.

Sisi si wapigapicha wa kulipwa. Kazi yetu ni uhandisi, umri umeshavuka hamsini, na kamera ni burudani ya Jumamosi. Lakini burudani hii iligeuka jambo zito siku mzee mmoja wa jumuiya yetu alipofariki. Familia ilitafuta picha ya kuweka msibani. Picha zilikuwepo mamia, na karibu zote zilipigwa nje wakati wa baridi. Theluji inaonekana, koti linaonekana, hata vifungo vya koti unaweza kuvihesabu, ila uso wa mzee umekuwa kivuli. Tulikaa na wanawe mbele ya kompyuta mpaka usiku wa manane tukiongeza mwanga. Kila tulipoongeza, uso ulijaa chembechembe kama redio isiyoshika stesheni. Wajukuu waliozaliwa huku walikuwa wakiomba kitu kimoja tu, waone macho ya babu. Mwishowe ikakuzwa picha ya pasipoti, na mzee aliyependa kucheka akaagwa akiwa amekunja uso kama mtu anayesubiri kuhojiwa uwanja wa ndege.

Kwa nini ikawa hivyo? Si kwamba kamera zilikuwa mbovu. Ndani ya kamera kuna mita ya kupima mwanga, na mita hiyo haijui kama inaangalia theluji au makaa. Imetengenezwa kwa dhana kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, hurudisha mwanga wa wastani, kiasi cha asilimia 18, yaani rangi ya kijivu. Ikiona uwanja mzima mweupe, hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Theluji hutoka ya kijivu, na uso mweusi uliosimama katikati huzama kabisa. Kamera za miaka ya karibuni zina akili zaidi, hutambua hata uso, lakini zikizungukwa na theluji nazo hudanganyika.

Jambo hili lina historia yake. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi maalumu za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, na ya kwetu ilitoka vyovyote itakavyotoka. Malalamiko yaliyosikilizwa zaidi miaka ya 1970 yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikuonekana sawasawa. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiikubali picha kwa sababu tu mashine ndiyo iliyochagua. Mashine nayo ilifundishwa na watu.

Sasa tiba yake. Kwenye kamera yako kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hicho ndicho kitufe cha Minnesota. Ukiwa kwenye theluji, ongeza hatua moja, jua likiwaka sana ongeza hadi mbili. Kila hatua ni mwanga mara mbili ya ule wa awali. Njia nyingine ni kuiambia mita ipime sehemu ndogo tu ya katikati, uilenge kwenye shavu, upige. Na kinyume chake pia ni kweli: ukimpiga mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera itadhani kuna giza na kumng'arisha mpaka aonekane amepakwa majivu. Hapo punguza kidogo. Baada ya kupiga, usitazame picha kwenye kioo cha nyuma peke yake, maana juani kioo hicho hudanganya. Fungua ule mchoro wa mlima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga, yaani histogramu. Mlima ukijirundika kushoto, nyuso zimezama. Ukijigonga ukuta wa kulia, weupe umeungua.

Jambo la pili ni aina ya faili. Ukiacha kamera itoe JPEG, kila rangi ya msingi hugawanywa katika ngazi 256. Faili ghafi ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Ngozi yetu iko upande wa chini wa ngazi hizo, mahali ambapo upungufu huonekana kwanza. Ukipiga faili ghafi, siku ya kurekebisha utakuwa na kitu cha kurekebisha. Kama picha za yule mzee zingekuwa faili ghafi, pengine wajukuu wangeyaona macho.

La tatu ni lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta kuleta mtu karibu, tundu lake hufunguka mpaka 5.6 tu. Lenzi ndogo isiyovuta ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa, na ni katika zile za bei nafuu kabisa. Kwa sherehe zetu za kwenye kumbi za chini ya ardhi, zenye taa za manjano na watu wanaocheza hadi usiku, hiyo ndiyo dawa. Ukiwa nayo huhitaji kumwashia bibi harusi flashi usoni kama askari wa doria. Kama flashi ni lazima, ielekeze darini ikiwa dari ni jeupe, mwanga ushuke taratibu. Ngozi nyeusi hung'aa vizuri kwa mwanga mpana unaotoka pembeni, kwa sababu uzuri wake uko katika namna inavyorudisha mwanga. Mweke mama karibu na dirisha, zima taa za ndani, uone.

Kuhusu mwanga wa huku, tuna baraka ambayo wengi hatuijui. Minneapolis iko karibu kabisa na nyuzi 45 kaskazini ya ikweta. Tarehe 21 Desemba, jua la saa sita mchana hupanda nyuzi 22 hivi tu juu ya upeo. Ukifanya hesabu, jua hilo ni sawa na la saa kumi na moja jioni Dar es Salaam mwezi huohuo. Nyumbani, jua la mchana husimama utosini na kuchimba mashimo meusi machoni, ndiyo maana mtu husubiri alasiri. Huku, siku ya baridi kali isiyo na mawingu ni alasiri kutwa nzima, na theluji chini inarudisha mwanga usoni kama karatasi nyeupe ya studio. Nenda Stone Arch, daraja la mawe la reli lililojengwa mwaka 1883 ambalo sasa ni la waendao kwa miguu na baiskeli, au kwenye maporomoko ya Minnehaha yakiwa yameganda. Mgeuze mwenzako upande wa jua. Ngozi itawaka kama shaba.

Ila baridi ina masharti yake. Betri hulegea mapema, kwa hiyo weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kubwa zaidi ni kurudi ndani. Wengi tunapenda jumba la vioo la bustani ya Como, Saint Paul, lililofunguliwa mwaka 1915, kwa sababu ukiingia Januari unakutana na joto, unyevunyevu na majani mapana, na pua inakumbuka nyumbani. Kamera yako nayo itakumbuka, kwa kutoa jasho: umande utajaa kwenye lenzi na unaweza kupenya ndani. Kabla ya kuingia, itie kwenye mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, uache ipate joto polepole kwa muda. Umande utabaki nje ya mfuko.

Msomaji atasema, haya yote yanataka kamera mpya. Hapana. Canon walipotoa kamera ya kwanza ya aina hii iliyouzwa chini ya dola 1,000, mwaka 2003, kwetu ilikuwa ni kodi ya nyumba. Leo kampuni kubwa zimeelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na zile za zamani zinauzwa mitumba kwa bei ya kununulia viatu. Zote bado zinaona mwanga uleule.

Na tukumbuke nani alianzia hapa. Gordon Parks aliletwa Saint Paul mwaka 1928 akiwa kijana, baada ya kufiwa na mama yake Kansas. Alifukuzwa nyumba ya shemeji yake katikati ya baridi, akawa analala ndani ya tramu zilizokuwa zikienda na kurudi usiku kati ya miji hii miwili, apate joto tu. Baadaye alikuwa mhudumu kwenye treni, kazi ambayo sisi tungeiita kubeba boksi. Alipoona picha za wakulima maskini kwenye gazeti la abiria, akanunua kamera ya mitumba katika duka la rehani Seattle, akajifundisha mwenyewe. Picha zake za mavazi katika duka moja la Saint Paul zilionwa na mke wa bondia Joe Louis, akamshauri ahamie Chicago. Mwaka 1948 akawa mpigapicha wa kwanza mweusi kuajiriwa na gazeti la Life. Hakusomea chuo. Alijifunza mwanga unavyoanguka kwenye uso wa mtu ambaye wengine hawakumtazama.

Tangu msiba ule, tumejiwekea utaratibu. Mara moja kwa mwezi tunamtembelea mzee mmoja. Tunakunywa chai kwanza, maana mzee hapigwi picha kama jengo. Tunamketisha dirishani, tunapiga akizungumza, si akingoja. Picha moja tunaichapa kwenye karatasi, na nyuma tunaandika jina lake, jina la baba yake, kijiji na mwaka, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Kufikia sasa tumewatembelea kumi na wanne, na wawili kati yao wameshatangulia. Safari hizo mbili hakuna aliyehangaika usiku na kompyuta. Picha ilikuwa tayari ukutani, na watoto walisimama mbele yake wakibishana ni nani amerithi macho yale.