Hesabu ya Mabua

Kwetu Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, ng'ombe hatoki nje. Kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, ni chembamba, kimejaa migomba na kahawa, na pa kuchungia hapajakuwapo tangu enzi za babu zetu. Ng'ombe hukaa bandani, chakula humfuata. Kiangazi kikija, hatukuuliza majani yako wapi. Yalikuwa huko chini tambarare. Tuliuliza nani atayabeba.

Waliyabeba akina mama. Miaka ya 1970, nikiwa mtoto, niliwaona wakishuka alfajiri, mundu kiunoni na kata mkononi, wakirudi jua likiwa utosini, mizigo imewafunika mpaka mabegani. Mzigo wa mtu mzima ulikuwa kama kilo 20 hadi 30. Mwanamume aliyejitwisha majani alichekwa kijiji kizima. Baba alinunua ng'ombe, mama akamlisha, na maziwa, kwa haki kabisa, yakawa ya mama.

Wataalamu waliokuja baadaye walisema wazee hawakuwa na mpango wa malisho. Si kweli. Mwezi wa saba, mahindi ya shamba la porini yakishavunwa, mama alihakikisha mabua yote yanapanda mlimani kabla mifugo ya wafugaji haijaingia shambani kuyamaliza. Aliyapanga darini juu ya banda, mengine kwenye panda za miti, mbali na mvua na mchwa. Kisha aliyagawa kwa ubahili uliotukera sisi watoto: majani na maganda kwa ng'ombe anayekamuliwa, vijiti vigumu kwa mtamba, na ndama dume auzwe mapema asije akala kiangazi cha mwenzake. Mabua yakipungua aliongeza majani ya migomba, na mwisho shina la mgomba lenyewe, lililokatwakatwa kwa panga. Shina hilo zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Halimpi ng'ombe nguvu, ila mfongo, mfereji wetu wa maji, ukikauka linamtuliza kiu. Septemba maziwa yalishuka hadi kikombe cha chai ya nyumbani, na hakuna aliyeshangaa.

Mpango ule ulivunjwa na ng'ombe mwenyewe. Walikuja ng'ombe wa kisasa, wengine kupitia misheni, wengine kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo aliyepewa mtamba humpa jirani ndama jike wa kwanza. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na ada za shule zikaanza kutafutwa kwenye ndoo ya maziwa. Ng'ombe wa kienyeji alitoa lita moja au mbili na kuvumilia lolote. Chotara alitoa mara nne au tano ya hapo, lakini ukimpunja wiki mbili anakata maziwa, na akishakata, mvua ikirudi hayarudi yote.

Ndipo bwana mifugo mmoja alipochora hesabu kwa kijiti kwenye vumbi mbele ya banda letu. Ng'ombe wa kilo 400, alisema, anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Mabingobingo mabichi yana ukavu wa karibu sehemu moja kwa tano tu. Kwa hiyo ni kilo 60 za majani mabichi kila siku.

"Yaani mizigo mingapi?" mama akauliza.

"Miwili, mitatu, mama."

"Kumbe ndiyo maana shingo inaniuma."

Tulicheka, naye bwana mifugo akaendelea. Kiangazi cha miezi mitatu kinataka zaidi ya tani moja ya chakula kikavu kwa kila ng'ombe, na tani hiyo haipatikani Septemba kwa sababu Septemba kila mtu anaitafuta. Ni lazima iwe imeshikwa tangu Mei. Mama alijua kugawa kilichopo. Jipya lilikuwa kuhesabu kisichopo, tena wakati wa masika, majani yamejaa kila kingo na mtu amechoka kuyakata.

Na hapo wanaume waliingia. Mzigo ulipoacha kuwa wa kichwa ukawa wa pikapu, baadaye wa kirikuu, wale wale waliokuwa wakicheka walianza kujadili malisho vilabuni kama watu waliozaliwa na mundu mkononi. Silalamiki sana, angalau shingo za dada zangu zilipona. Ila nimegundua kuwa kazi ikishapata risiti huwa inapata na wenyewe wapya.

Masika, mabingobingo yakiachwa hurefuka kupita kimo cha mtu, yakawa miti: mengi kwa macho, haba tumboni. Kumbe yakikatwa yangali laini, kabla hayajapita kimo cha mtoto, na kunyaushwa kwa siku moja, yanaweza kufukiwa yawe sileji. Tulichimba shimo nyuma ya banda, mahali pa mteremko maji yasipotuama, tukalitandika nailoni. Majani yakakatwakatwa vipande vya sentimita mbili tatu, yakamwagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC iliyozimuliwa kwa maji. Watoto wa mtaa waliitwa kuruka juu yake, maana adui wa sileji ni hewa, na hewa hutolewa kwa miguu. Tulifunika, tukaweka udongo juu, tukangoja zaidi ya mwezi. Lilipofunguliwa lilitoa harufu ya mbege changa. Mama aliinusa mikononi, akasema ng'ombe wetu sasa watakuwa walevi. Walifagia hori.

Sileji ina masharti yake: ukishafungua shimo ukate kila siku na kufunika upya, na ulishe baada ya kukamua, la sivyo maziwa yanabeba harufu. Aliyeshindwa na masharti hayo alikimbilia hei. Boksi la mbao, kamba mbili chini, majani makavu yanashindiliwa kwa miguu, robota la kama kilo 20 linatoka. Kwa robota hesabu ya kijiti inakuwa rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tatu, na ndiyo sababu naipenda kuliko shimo.

Siku hizi kihamba kimegawanywa tena kwa wana, na kingo zilizokuwa na mabingobingo zimejengwa nyumba. Chakula kingi kinanunuliwa: majani ya mpunga kutoka mashamba ya umwagiliaji ya Mabogini na Chekereni, pumba, mashudu ya alizeti. Majani ya mpunga ni dhaifu. Bila mashudu yanajaza tumbo tu. Lakini yapo, na ukiyachukua punde tu mpunga unapovunwa bei haijapanda.

Shemeji yangu ndiye mwenye banda sasa. Juni hii ameuza dume, akalipia trela la mabua kwa simu kabla mahindi hayajavunjwa, na akamwonya mwenye shamba: yakinyeshewa hapokei. Mama naye akataka aelezwe ni kwa nini trela halikushushwa bei, wakati magunzi yote yatabaki kwa mwenye shamba.