Una soo tano: saikolojia ama sanaa?

Uko pale Tom Mboya kwa vitabu vya inama na una soo tano pekee. Utachukua kitabu cha kisomi cha saikolojia ama cha sanaa na utamaduni? Mimi nachukua cha sanaa na utamaduni, na najua wengi wenu mtanikatalia.

Naelewa. Rika letu tunataka kujijua: mbona silali, mbona tuliachana, mbona mzee hukasirika hivyo. Saikolojia inaahidi majibu. Lakini huyo "binadamu" wa humo ndani ni nani? Mwaka 2010, Henrich, Heine na Norenzayan walionyesha kwamba tafiti nyingi za fani hiyo zilifanywa kwa watu wa Magharibi, mara nyingi wanafunzi wa chuo, kisha zikaandikwa kana kwamba ni za dunia nzima.

Jaribu hii. Chora mistari miwili ya urefu sawa. Mmoja uwekee ncha za mshale kila upande, mwingine uzigeuze hizo ncha. Huo wa pili utaonekana mrefu, si ndio? Segall na wenzake walipeleka mchoro huo kwa jamii nyingi, wakachapisha matokeo 1966. Wamarekani walidanganyika sana. Wasan wa Kalahari waliona mistari karibu sawa. Manze, kama hata jicho linafunzwa na mahali ulikokulia, sembuse huzuni? Sembuse mapenzi?

Ndio maana nashika Artist, the Ruler cha Okot p'Bitek, kilichotoka 1986, miaka minne baada ya kifo chake. Okot alisomea anthropolojia Oxford na akafundisha Nairobi. Kwake, msanii ndiye hutunga yale mawazo makuu ambayo jamii nzima inaishi ndani yake, viongozi wakiwemo. Kisome halafu uangalie tena mazishi ya kwenu, ama hata michoro ya nganya za Rongai.

Sisemi saikolojia ni takataka. Na kama unaumia kweli kweli, usinunue kitabu chochote, hiyo soo tano ni nauli ya kwenda kuona daktari.

Halafu kuna Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique. Black Skin, White Masks yake ya 1952 hata hujui uipange rafu gani. Muuzaji akiwa nayo, naichukua hiyo. Okot atangoja mwisho wa mwezi.