Mfuko wa Kufumia: Kutoka Nduruma Hadi Sokoni

Mwanamke anayefuma ana hazina mbili zinazoweza kupotea haraka: uzi na muda. Uzi ameununua kwa fedha aliyoibana kwenye matumizi ya nyumba. Muda ameupata vipande vipande: robo saa akisubiri zamu yake kliniki, nusu saa baada ya kuosha vyombo, dakika chache kabla ya kikao cha akina mama kuanza. Uzi ukichafuka, au vitanzi vikichomoka njiani, hazina zote mbili zinapotea pamoja. Ndiyo sababu sisi akina mama tunaofuma pamoja hapa Nduruma tulianza kuulizana swali linaloonekana dogo: kazi yetu tuibebe ndani ya nini?

Mpendwa msomaji, tembea nasi katika safari yetu ya kutafuta mfuko. Huenda ukapata jibu litakalokufaa hata kama unaishi mbali na Arusha.

Nchi ya vumbi na mifereji

Nduruma iko kwenye uwanda wa chini, kusini-mashariki ya jiji la Arusha. Kaskazini yetu umesimama Mlima Meru, wenye urefu wa meta 4,566, na kutoka kwenye miteremko yake unashuka Mto Nduruma. Maji ya mto huu hugawanywa kwa mifereji hadi kwenye mashamba ya mahindi, maharage, nyanya na vitunguu. Yanayobaki hufuata Mto Kikuletwa kuelekea Pangani. Ni nchi njema kwa mkulima, lakini ina majaribu yake kwa mfumaji. Wakati wa kiangazi vumbi hupenya kila mahali. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kila pikipiki inayopita hurusha tope. Ukiweka kazi yako sakafuni, kuku wanaipitia. Ukiitundika jikoni, inashika moshi na masizi. Ukiiacha kitini, mtoto anauvuta uzi na kukimbia nao hadi uani.

Na bado sweta zinahitajika. Mwezi wa Juni na Julai Arusha yote huwa na baridi, hasa alfajiri watoto wanapokwenda shule. Hayo ndiyo majira ambayo mama anayefuma sweta, shali na kofia za watoto wachanga hupata wateja. Lakini shali nyeupe yenye alama ya masizi haiuzwi kwa bei ya shali safi. Mnunuzi ataomba apunguziwe, au ataiacha palepale. Fedha inayopotea hapo ilikuwa imekwisha pangiwa daftari la mtoto, sabuni na mafuta ya kula.

Zamani wengi wetu tulibeba nyuzi katika mfuko wa rambo. Ulikuwa rahisi kuupata, lakini sindano ziliutoboa baada ya siku mbili. Zaidi ya hayo, mfuko mwembamba wa plastiki ni hatari kwa mtoto mdogo, kwa maana akiuvaa kichwani unaweza kumziba pumzi. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tangu hapo ilitubidi kufikiri upya.

Kwanza pima sindano zako

Kabla ya kwenda sokoni tulikaa chini na kupima. Sindano nyingi ndefu za kufumia sweta zina urefu wa sentimeta 30 au 35. Kwa hiyo mfuko wenye upana wa sentimeta 25 hautufai, hata uwe mzuri namna gani. Sindano zitachungulia nje na vitanzi vitateleza. Tukakubaliana kwamba mfuko wetu uwe na upana wa sentimeta 40 hivi na kimo cha kutosha mipira mitatu au minne ya nyuzi.

Halafu tukaandika mambo mengine manne. Mfuko uwe na zipu, kifungo au kamba ya kukaza mdomo. Uwe na mkanda mrefu wa kupitisha begani, kwa sababu mama wa kwetu ana mtoto mgongoni na pengine ndoo mkononi. Uwe wa kufulika. Na bei yake isizidi bei ya nyuzi za sweta moja la mtoto, maana ikizidi hapo, mfuko utakuwa umekula kazi uliokusudiwa kuilinda.

Jumamosi Tengeru

Soko letu kubwa ni Tengeru, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Huko utakuta ndizi, vitunguu na parachichi, na pembeni malundo ya mitumba yaliyomwagwa juu ya maturubai. Mifuko na mikoba huwa imechanganywa na viatu na mikanda, kwa hiyo inakubidi kuinama na kuchambua.

"Shikamoo mama. Karibu, chagua mwenyewe," kijana muuzaji alitukaribisha.

"Marahaba mwanangu. Huu zipu yake inafunga?"

"Inafunga mama, jaribu."

Tulijaribu, na tunakushauri ufanye hivyo kila mara. Fungua na kufunga zipu mara tatu. Vuta mikanda pale iliposhonewa. Geuza bitana uone kama imechanika. Nusa ndani: harufu ya uvundo hutoka kwa shida, na huhamia kwenye nyuzi.

Katika malundo hayo tuligundua aina mbili zinazotufaa kuliko mikoba ya kike inayong'aa. Ya kwanza ni mkoba wa kubebea kompyuta ya mpakato. Una upana unaotosha sindano ndefu, una mkanda wa begani, na zile nafasi za ndani za kalamu huingia sindano moja moja. Ya pili ni mfuko wa nepi za mtoto. Mara nyingi una vijimfuko vingi na bitana isiyopitisha maji. Wengi hawautazami kwa sababu una picha za dubu au sungura, na kwa sababu hiyo unaweza kuelewana na muuzaji bei nzuri. Uufue kwa maji ya moto na sabuni, uuanike juani hadi ukauke kabisa.

Kikapu na kiondo

Wengine miongoni mwetu walipenda kikapu cha ukindu, kama mama zetu walivyotumia. Kikapu husimama chenyewe, hupitisha hewa na hudumu. Kiondo nacho hupatikana Arusha, kwa kuwa mpaka wa Namanga si mbali. Hiki ni kazi ya akina mama wa Kikamba na Kikikuyu wa Kenya, ambao wamezoea kukisuka hata wakiwa njiani, mikono ikifanya kazi na miguu ikitembea. Mama anayefuma akiwa ndani ya daladala atawatambua hao kuwa ni dada zake.

Viondo vingi husukwa kwa katani, na katani ina historia nchini mwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ilifika hai. Kutokana na hiyo yakaanza mashamba ya Tanga, na Tanganyika ikaja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa katani duniani.

Hata hivyo kikapu kina kasoro mbili. Ncha za ukindu au katani huishika sufu na kuichomoa, na mdomo wake u wazi kwa vumbi. Dawa yake ni rahisi. Chukua foronya ya zamani, uiingize ndani ya kikapu, uishonee ukingoni kwa mkono, na uipitishie kamba mdomoni. Sasa una kikapu chenye bitana ya kufunga, na foronya ikichafuka unaifumua na kuifua.

Mjini Arusha

Siku nyingine tulikwenda mjini, hadi soko la Kilombero. Huko mifuko mbadala iliyokuja baada ya plastiki kukatazwa imetundikwa kila mahali. Ni rahisi, lakini ile myembamba huchanika pale sindano zinapougusa mshono. Inafaa kubebea kazi iliyokwisha kukamilika unapompelekea mteja, ila haiwezi kuhimili kazi ya kila siku.

Tulinunua kitu kimoja huko kwa ajili ya kikundi kizima: mfuko mkubwa wa mirabamiraba uitwao shangazi kaja. Huo tunawekea akiba ya nyuzi zetu za pamoja. Una zipu, una masikio mawili ya kushika, na watu wawili wanaubeba bila taabu. Ndani tumeweka daftari linaloonyesha nani amechukua mipira mingapi na rangi gani. Daftari hilo limetuepusha na manung'uniko mengi.

Mfuko wa kushona nyumbani

Baada ya kuzunguka kote huko tuliona kwamba mama asiye na fedha ya ziada anaweza kupata mfuko mzuri bila kutoka Nduruma. Tafuta kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi au kanga iliyochakaa pembeni lakini nzima katikati. Kata kipande chenye upana wa sentimeta 44 na urefu wa sentimeta 86. Kunja kipande hicho katikati ya urefu wake, shona pande mbili ukiacha sentimeta moja kila upande, kisha pinda mdomo sentimeta tatu. Utapata mfuko wenye upana wa sentimeta 42 na kimo cha sentimeta 40. Pitisha kamba kwenye pindo la mdomo, na shona mkanda wa begani kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne ili usikate bega.

Kwa wakati wa masika, ongeza bitana ya sandarusi, yaani lile gunia jepesi la unga au sukari. Lioshe, likauke, ulikate kwa kipimo kilekile. Kingo zake hufumuka upesi, kwa hiyo zikunje kabla ya kushona. Mfuko huo ukiwekwa kwenye ardhi yenye unyevu, kazi yako haitalowa upesi.

Hapa tunakuomba sana, mama mwenzetu: usitumie gunia la mbolea wala la dawa za mimea. Katika eneo la mashamba kama letu magunia hayo ni mengi na yanapatikana bure. Lakini kuliosha gunia hakuondoi sumu yote, na kofia ya mtoto mchanga itakayolala humo itakwenda moja kwa moja kwenye ngozi yake. Vivyo hivyo usikate chandarua chenye dawa ili kushona mfuko. Mahali pake ni kitandani, kukinga malaria.

Kwa ajili ya mtoto

Sisi wauguzi tuna sababu nyingine ya kusisitiza usafi wa mfuko. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili wake. Katika njia ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mtoto huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa kofia na soksi. Kofia ndogo uliyoifuma ukisubiri zamu kliniki inaweza kuwa sehemu ya matunzo hayo. Lazima iwe safi, iwe imefuliwa na kukauka, na ifike wodini ikiwa imefungwa katika kitambaa safi.

Jambo jingine ni vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, yaani naftalini. Akina mama wengi huviweka kwenye mfuko wa sufu. Tafadhali visikae na nguo za watoto wachanga. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu katika damu unaoitwa G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria. Mtoto wa namna hiyo akivuta au akivalishwa nguo yenye naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Akapata manjano kali na kupungukiwa damu. Kwa kumtazama tu huwezi kujua kama ana upungufu huo. Njia salama ni kuzitoa nyuzi kila mwezi, kuzikung'uta na kuzianika juani. Nondo hushambulia zaidi sufu halisi ya kondoo. Nyuzi za akriliki, ambazo ndizo nyingi madukani, haziwavutii.

Mwisho, kumbuka ncha za sindano. Zichomeke kwenye kizibo au kipande cha gunzi la hindi, na vitanzi pia vitatulia. Ukipanda bodaboda, vaa mfuko ubavuni, ncha zikielekea chini, mbali na mtoto uliyembeba. Ukifika nyumbani, tundika mfuko kwenye msumari ulio juu kuliko kimo cha mtoto na mbali na moshi wa jiko.

Jumamosi ijayo kabla ya kwenda sokoni, toa sindano zako uzipime, kisha fungua sanduku la nguo kuukuu uone una nini tayari. Huenda mfuko wako umo humo, unangoja mkasi na uzi.